Nimenunua oveni ya umeme, fundi anataka laki na nusu kuiunga. Nikiunga mwenyewe kuna ubaya gani?

#1 BabaNaila
Wakuu salaam. Mke wangu anapika keki za oda, mwaka mzima ananiimbia oveni, oveni. Juzi nimejikamua nikaenda Kariakoo nikachukua lile jiko la kusimama, plate nne juu, oveni chini, yote umeme. Tumelifikisha Kinyerezi, tumefungua boksi, halina plagi. Halina hata waya! Kwa nyuma kuna kifuniko kidogo, ukikifungua unakuta skrubu sita zimejipanga, basi. Muuza duka aliniuzia waya mita tatu: kahawia, bluu, na ule wa kijani wenye mstari wa njano. Ukutani jikoni aliyejenga nyumba aliacha waya ndani ya boksi, rangi zake nyekundu, nyeusi na kijani.

Fundi amekuja, kaangalia dakika tano, kasema laki na nusu. Ufundi tu, vifaa juu yangu. Mimi soketi nabadilisha mwenyewe, feni ya dari nimefunga mwenyewe. Waya tatu kwa waya tatu, laki na nusu ya nini?

#2 Kidampa
Ngoja waje wenyewe. Nimekaa pale na kashata zangu.

#3 mtu_wa_breka
Kabla mtu hajakujibu chochote: nyuma ya jiko, au ukifungua mlango wa oveni pembeni, kuna kibati kimebandikwa. Tuandikie kilichoandikwa pale, hasa wati. Bila hiyo namba tutapiga ramli tu.

#4 Msela_GMboto
Mkuu mafundi wanapenda kututisha ili wale. Mimi oveni yangu nimefunga plagi ya kawaida ya pini tatu, nikachomeka ukutani, huu mwaka wa pili. Inachoma kuku, inapika mkate, haijawahi hata kunuka. Funga plagi ule keki.

#5 mtu_wa_breka
Msela, hiyo yako ina ukubwa gani?

#6 Msela_GMboto
Ya kukaa juu ya meza. Kama maikrowevu hivi.

#7 Kidampa
Hahaha, jamaa anamshauri mwenye fuso kwa uzoefu wa bajaji.

#8 BabaNaila
Nimeona kibati. Kimeandikwa 220-240V~, halafu mkwaju, 380-415V 3N~, 50/60Hz, 8.0 kW. Hiyo 380 imenitisha kidogo. Nyumba yangu ina fezi moja.

#9 mtu_wa_breka
Usitishike, maana yake linakubali kote kuwili, fezi moja au fezi tatu, inategemea unavyolifunga kwa nyuma. Hapo ndipo penye utamu na hapo ndipo watu wanapoharibu, nitarudi.

Kwanza hesabu. Wati 8,000 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 34.8. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, mwisho wake ni wati 2,990. Ya Msela haina makosa kabisa, oveni ya mezani haifiki huko. Yako ukiichomeka hivyo, siku mama Naila akiwasha plate mbili na oveni ile plagi itakuwa chapati.

Sasa swali la laki na nusu siyo zile skrubu. Huo waya wa ukutani una unene gani? Na huko kwenye boksi la breka umeshikwa na breka ya ngapi? Kama aliyejenga alivuta waya wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa soketi, halafu akaweka breka ya ampea 32, breka haitakata na waya utapika ndani ya ukuta kabla keki haijaiva.

#10 Fundi_Ukonga
Nimefanya kazi hii miaka 19. Aliyesema ampea 34.8 hajakosea hesabu, ila hakuna jiko linalovuta vyote kwa mpigo. Kila plate ina kidhibiti joto chake, inawaka inazima, inawaka inazima, na oveni vilevile. Ndiyo maana kuna kanuni ya Kiingereza tuliyofundishwa VETA: ampea 10 za kwanza unazihesabu zote, zinazobaki unachukua asilimia 30. Kwa hiyo 10 jumlisha 7.4, ni ampea 17 na kidogo. Kama swichi ya jiko ina soketi yake pembeni, ongeza 5. Waya wa 6 na breka ya 32 unalala usingizi. Hata wa 4 umefungwa kwenye nyumba nyingi tu na watu wanapika pilau.

#11 MamaKeki
Fundi samahani, hiyo kanuni aliitunga mtu anayepika ndizi na maharage ya watu wanne. Mimi Desemba natoa keki tangu saa kumi alfajiri hadi saa mbili usiku. Oveni haizimi, juu kuna sufuria ya sharubati, plate nyingine maji, nyingine naongeza chakula cha watoto maana nao wanakula. Masaa kumi na sita. Hiyo asilimia 30 haijawahi kukanyaga jikoni kwangu. Mwaka juzi swichi ya jiko, ile kubwa yenye kitufe chekundu, iliyeyuka upande mmoja. Ilikuwa ya 45 kabisa.

#12 Fundi_Ukonga
Dada yangu, iliyeyuka upande mmoja? Hiyo siyo mzigo, hiyo ni skrubu iliyolegea. Mzigo ukizidi vinapata moto vyote. Upande mmoja maana yake pale pana waya haujabanwa sawasawa, umeme unapita kwa shida, panapata moto, shaba inatanuka, inalegea zaidi. Mduara huo.

#13 MamaKeki
Aliyeifunga alikuwa fundi wa laki na nusu.

#14 Kidampa
Duh.

#15 BabaNaila
Nimerudi. Breka ni ya 32, pembeni kaandika kwa kalamu JIKO. Waya wa ukutani hauna maandishi ninayoyaona, nikiulinganisha na ule niliobadilishia soketi ni mnene kuliko huo, kila rangi ina nyuzi saba ndani. Halafu kuna kitu sijakisema. Kwenye boksi palikuwa na kimfuko chenye vipande vya shaba vyenye matundu, kama sega. Nilidhani vipuri, Naila anachezea tangu juzi. Kimoja nimekipata, vingine anavitafuta mama yake chini ya kochi.

#16 mtu_wa_breka
Eti vipuri! Bwana, hivyo ndivyo vinavyofanya jiko lako liwe la fezi moja. Sikiliza.

Zile skrubu sita: 1, 2, 3 ni za laivu (waya unaoleta umeme), 4 na 5 nyutro (unaourudisha), ya mwisho yenye alama ya mti uliopinduka ni ethi (unaokwenda ardhini). Kiwandani wamegawa jiko mafungu matatu, tuseme namba 1 inalisha oveni, 2 inalisha plate mbili, 3 plate mbili. Nyumba ya fezi tatu kila fungu linapata fezi yake. Nyumba ya fezi moja unaunganisha 1, 2 na 3 kwa vile vipande, unaunganisha 4 na 5, ndipo unaleta waya zako. Kama huna vipande, oveni itawaka na plate zitabaki baridi, au kinyume chake. Ukifanya kosa la upande wa pili, yaani fezi tatu halafu ukaacha vipande vimo, umezigonganisha fezi uso kwa uso. Hapo utasikia mlio hadi kwa jirani.

Michoro yote ipo nyuma ya kile kifuniko ulichofungua. Geuza.

#17 Mnyalu_original
Subirini kwanza. Jiko langu plate mbili za kushoto haziwaki. Mwaka wa tatu huu. Nilinunua jipya, nikarudi dukani wakasema garantii imeisha, nikanyamaza. Mnataka kuniambia...

#18 mtu_wa_breka
Zima meni swichi, fungua kifuniko, tuambie unaona nini.

#19 Mnyalu_original
Kimfuko kimebandikwa kwa selotepu ndani ya kifuniko. Hakijafunguliwa.

#20 Kidampa
Uzi huu umeshalipa.

#21 Mnyalu_original
Miaka mitatu natumia plate mbili jamani. Mke wangu nimemficha simu.

#22 Kisiwani_Unguja
Mie yaliyonikuta ni makubwa kuliko hayo. Nilinunua jiko la mtumba, limeshuka kwenye kontena kutoka Ujerumani, lina waya wake tayari wenye nyuzi tano: kahawia, nyeusi, kijivu, bluu na ya ethi. Kule nyumba nyingi jiko linapewa fezi tatu. Fundi wetu akazikusanya kahawia, nyeusi na kijivu akazisokota pamoja akaziweka kwenye laivu, bluu kwenye nyutro. Jiko likawaka lote, tukampigia makofi. Baada ya wiki tatu jikoni kunanuka plastiki. Kumbe laivu zimekuwa tatu zinagawana mzigo, na nyutro ni moja, nyembamba, inarudisha mzigo wote peke yake. Kule kwao fezi tatu zinafutana kwenye nyutro, haipiti kitu kikubwa. Huku kwetu ikabeba yote. Ilikuwa nyeusi tii, na yeye ndiye bluu.

#23 Fundi_Ukonga
Kisiwani umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Waya ule ulitakiwa kutupwa, uwekwe wa nyuzi tatu nene.

#24 Mtoto_wa_Chumbageni
Na hizo rangi ndizo zinazoua watu. BabaNaila, nyekundu ya ukutani inakwenda na kahawia, nyeusi na bluu, kijani na kijani-njano.

#25 jirani_mbaya
Siyo kweli, siku hizi nyeusi ni laivu. Hata Kisiwani katoka kusema nyeusi waliiweka kwenye laivu.

#26 mtu_wa_breka
Wote mko sawa ndiyo maana ni hatari. Rangi za zamani, zile za Kiingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Kwenye fezi tatu za zamani: nyekundu, njano na bluu zote ni fezi, nyeusi nyutro. Rangi mpya: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu nyutro. Kwa hiyo bluu ya nyumba ya zamani yenye fezi tatu inaweza kuwa fezi, na nyeusi ya waya mpya inaweza kuwa fezi. Bongo utakuta zote mbili kwenye nyumba moja, sebule ya 1998 na jiko la juzi. Rangi ni mahali pa kuanzia. Unapima.

#27 jirani_mbaya
Testa ninayo.

#28 Fundi_Ukonga
Testa ya bisibisi inakwambia hapa pana moto, basi. Haikwambii huu mweusi ni nyutro au ni waya uliokatika huko juu darini, wala haikwambii ethi yako imefika ardhini au imeishia kwenye boksi. Mita ya kupimia siyo ghali. Laivu na nyutro upate karibu 230, laivu na ethi upate karibu hiyohiyo, nyutro na ethi iwe kidogo sana. Ukipata laivu na ethi namba ya ajabu ajabu, acha kila kitu.

#29 Embu_Msafi
Niaje wandugu wa Bongo. Huku kwetu Kenya mtu wa stima anafaa kuwa na leseni ya EPRA, wadhibiti wa nishati, lakini tuseme ukweli, kwa ploti hakuna anayeuliza. Landlord anatuma caretaker na pliers. Mimi meko yangu iliungwa na mtu wa kuuza mayai. Inafanya.

#30 Kidampa
Wa kuuza mayai, kwenye oveni? Huyo alikuwa anatafuta soko.

#31 mpenda_sheria
Kwa Tanzania, kazi za kufunga umeme zinatakiwa kufanywa na mwenye leseni ya EWURA, na leseni zina madaraja. Mwenye nyumba kujifungia jiko la ampea 35 hayumo humo. Tusishauriane kuvunja sheria.

#32 Msela_GMboto
Mkuu na wewe balbu ikiungua unaita EWURA?

#33 Leicester_Mswahili
Hapa Uingereza nako kuna sheria tangu 2005, watu wanaiogopa kuliko inavyosema. Ukivuta njia mpya kabisa kutoka kwenye boksi la breka, lazima halmashauri ijulishwe au fundi aliyesajiliwa atoe cheti. Ila ukitoa jiko bovu ukaweka lingine kwenye njia ileile iliyokuwepo, hakuna wa kumjulisha. Mimi langu nimebadilisha mwenyewe, saa nzima, nusu saa ilikuwa kuliburuza. Kwa hiyo nadhani swali la BabaNaila liko hapohapo: njia ya jiko ipo tayari au haipo? Yeye ipo, breka imeandikwa JIKO.

#34 mtu_wa_breka
Tofauti, Leicester, ni kwamba njia yako wewe ilipimwa na mtu na karatasi ipo. Ya Kinyerezi imeandikwa JIKO kwa kalamu.

#35 Shangazi_Mbezi
Mnaongelea ufundi, mimi naongelea LUKU. Mjue na gharama. Nilikuwa D1, lile kundi la bei nafuu, uniti 75 za kwanza kwa mwezi kila moja shilingi 100 kabla ya makato. Nikanunua oveni, miezi michache nikavuka 75, nikahamishwa T1, 292 kwa uniti, ukiweka kodi na tozo inagonga 350 na ushee. Oveni ile ile, sasa hata kuchemsha chai nalipa bei kubwa. Kurudi D1 ni safari nyingine.

#36 MamaKeki
Keki moja ya kilo, saa moja na dakika kumi, mimi nilikaa na karatasi mbele ya mita: inakula uniti moja na robo hivi ukiwa umepasha oveni kwanza. Ukioka mbili kwa pamoja ni karibu ileile. Mkaa ulikuwa unanila zaidi ukihesabu na moshi machoni. Weka kwenye bei ya keki, usiibebe wewe.

#37 Gesi_Daima
Ndiyo maana mimi oveni ya gesi. Umeme ukikatika na keki iko nusu unafanya nini, unaipepea?

#38 mpenda_sheria
Kukatika kumepungua, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Na serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Umeme umo.

#39 Gesi_Daima
Megawati ziko Rufiji, kwangu Goba saa moja usiku balbu inawaka kama karabai inayoishiwa pumzi.

#40 MamaKeki
Hapo Gesi umegusa kidonda. Keki zangu za saa moja usiku hazipandi katikati, za alfajiri zinapanda. Unga uleule, mayai yaleyale. Nilimlaumu muuza baking pauda hadi tukanuniana.

#41 mtu_wa_breka
Umeonea mtu bure. Volti ikishuka hadi 190, elementi ya wati 2,000 haitoi 2,000 tena, inatoa kama 1,360. Nguvu inashuka kwa mraba. Oveni itafika joto unalolitaka lakini kwa kujikokota, na kila ukifungua mlango inachelewa kurudi.

#42 MamaKeki
Kesho nampelekea keki.

#43 Gesi_Daima
Ya alfajiri lakini.

#44 BabaNaila
Wakuu nimerudi, siku mbili nilikuwa kazini kweli kweli. Nimefunga. Msinipige mawe. Vipande vya shaba vimepatikana vyote. Shemeji yangu amesoma umeme kidogo, alikuja na mita. Tulizima meni swichi, tukapima, tukafuata mchoro wa nyuma ya kifuniko kama alivyosema mtu_wa_breka. Ukutani tumeweka swichi ya jiko ya 45. Waya tumeubana na ile klipu ya kuzuia usivutike. Tumewasha: plate zote nne safi. Mke wangu kapiga vigelegele.

Tatizo oveni. Inawaka, taa inawaka, inapata joto, dakika kama kumi, TAP! Nyumba nzima giza. Tunawasha, dakika kumi, tap. Mara nne.

#45 Kidampa
Vigelegele viliwahi.

#46 jirani_mbaya
Breka ya 32 ni ndogo. Weka ya 40 au 50.

#47 Fundi_Ukonga
USIWEKE. Na oveni peke yake haikaribii kabisa ampea 32, breka ikatwe na nini? BabaNaila, inayokata ni ipi? Breka ndogo ya JIKO, au ile pana yenye kitufe kidogo cha T?

#48 BabaNaila
Ile pana yenye T. Breka ya JIKO inabaki juu.

#49 mtu_wa_breka
Basi ile ni ya kulinda watu, haijali mzigo. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ukipotea kidogo, miliampea 30 au hata pungufu ya hapo, inakata. Oveni yako inavujisha.

Nina jibu na silipendi kwa sababu ni rahisi mno: unyevunyevu. Ndani ya elementi, kati ya waya na bomba la chuma, kumejazwa unga mweupe. Ule unga unanyonya unyevu wa hewani. Jiko limekaa melini, likakaa bandarini, likakaa stoo ya Kariakoo na joto la Dar, limelowa kwa ndani. Liwashe kwa joto la chini, digrii 80 au 100, mlango wazi kidogo. Likikata lipumzishe, rudia. Mengi hukauka yakanyamaza.

#50 Fundi_Ukonga
Inawezekana. Lakini unyevu mara nyingi unakata mapema, ukiwasha tu. Huyu ni dakika kumi, kikishapata moto. Mimi nasema kuna waya kwa nyuma umegusa bati, au umebanwa na skrubu ya kifuniko. Ukipata joto plastiki inalainika, inagusa. Ule waya wa dukani mita tatu ni wa plastiki? Unapita wapi?

#51 BabaNaila
Wa plastiki. Tumeuzungusha nyuma ya jiko, umelala kwenye bati.

#52 Fundi_Ukonga
Ewaa. Bati la nyuma ya oveni linachoma mkono. Hapo panataka waya wa mpira unaostahimili moto, au uushushe chini mbali na bati.

#53 Kisiwani_Unguja
Au siyo oveni hata kidogo. Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, ikatukondesha mwezi. Ile ya T inalinda nyumba nzima. Friji inavujisha kidogo, hita ya bafuni kidogo, pasi kidogo, kila mmoja peke yake hafiki. Oveni mpya ikiongeza yake kidogo, chombo kinajaa. Lawama kapewa wa mwisho kuingia. BabaNaila, chomoa friji na hita, jaribu oveni peke yake.

#54 jirani_mbaya
Mnazunguka sana. Chomoa ule waya wa ethi kwenye jiko. Haitakata tena kamwe. Nimefanya kwangu.

#55 Mtoto_wa_Chumbageni
Jirani, ninaomba ufute hiyo. Nyumba tuliyopanga Tanga friji lilikuwa linakata, akaja mtu akachomoa ethi, likatulia kweli. Miezi. Siku moja mdogo wangu katoka kuoga, peku, sakafu ya saruji imelowa, akashika mlango wa friji. Alibaki ameshikilia hadi mama alipozima meni. Yupo hai, ila kiganja kina kovu hadi leo. Kile kilichokuwa kinakata kilikuwa kinatuambia kitu, sisi tukakiziba mdomo.

#56 jirani_mbaya
Pole. Mimi navaa ndala.

#57 Kidampa
Moderator njoo na huyu.

#58 mtu_wa_breka
Jirani, toka kwenye huu uzi uende ukarudishe hiyo ethi, sikutanii. BabaNaila, na ya kwako imepimwa? Ethi rodi ya Kinyerezi, udongo wa mchanga, kiangazi hiki, unaweza kukuta ardhi kavu haipokei kitu. Wazee walikuwa wanachimba wanaweka mkaa na chumvi, halafu wanamwagia maji.

#59 Shangazi_Mbezi
Kwetu ile shimo ndipo mdada anapomwaga maji ya vyombo. Kumbe anafanya kazi ya TANESCO.

#60 BabaNaila
Taarifa ya leo. Nimeshusha waya mbali na bati. Nimechomoa friji, hita hatuna. Nimewasha digrii 100 mlango wazi. Ikakata dakika ya 12, ikapumzika, ikakata dakika ya 25, halafu ikaenda saa nzima. Nikasema unyevu! Nikarudisha friji, ikaenda. Mke wangu akaoka keki mbili, zimepanda, picha nitaweka.

#61 mtu_wa_breka
Nilisema silipendi jibu kwa sababu ni rahisi.

#62 Fundi_Ukonga
Amehamisha waya siku hiyohiyo. Huwezi kujua ni kipi.

#63 Kisiwani_Unguja
Na friji lilikuwa limechomolewa mwanzoni. Ukibadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja umejinyima jibu.

#64 Mnyalu_original
Mimi plate zote nne zinawaka. Nimemwambia mke wangu nimeita fundi, nimemlipa elfu thelathini. Asanteni sana.

#65 Kidampa
Hiyo elfu thelathini tugawane.

#66 BabaNaila
Wakuu. Jumapili, oveni imezimwa, swichi nyekundu imezimwa kabisa, plate imezimwa. Tumekaa sebuleni tunaangalia mpira. Tap.

#67 Fundi_Ukonga
Swichi nyekundu imezimwa?

#68 BabaNaila
Imezimwa. Nimeangalia mara mbili. Nje kulikuwa na manyunyu.

#69 Kisiwani_Unguja
Una taa za ukutani nje? Au soketi ya pampu?

#70 BabaNaila
Taa ya geti. Niliifunga mwenyewe.